Sauti ya Mama Mkwe Ndani ya Simu

Watu wa mradi walinifuata kwenye meza yangu ya sokoni, mtaa wa Hewa Bora, wakitafuta simu mbaya. Walisema hivyo hivyo: mbaya. Nimeuza simu za mkono wa pili miaka mingi, na hao walikuwa wateja wa kwanza kuniomba yenye kioo kilichopasuka na kumbukumbu iliyojaa. Nikahesabu vichwa: wawili. Nikahesabu tena, kwa sababu watu wanaotafuta vitu vibovu mara nyingi wana mwenzao amesimama nyuma yako. Walikuwa wawili kweli. Kijana mmoja wa shati la pasi, ambaye ndiye alikuwa mkuu, na msichana wa kompyuta mwenye mkoba mgongoni, asiye na maneno mengi.

"Papa, tunatafuta simu ile bamama ya kartye banakuwaka nayo," alisema mkuu, akimaanisha akina mama wa mtaani.

Niliwauzia mbovu kwa bei ya nzima. Wao ndio walioziita mbaya. Mimi sikuwahi kuziita hivyo.

Walikuwa wanatengeneza programu ya simu kwa ajili ya wazazi wapya. Mama ana mtoto mkononi na sufuria motoni, hana mkono wa kuandika. Anabonyeza mara moja, anauliza kwa mdomo, na ndani ya simu kuna roboti inayomjibu kwa mdomo: habari ya kitovu, ya homa, ya maziwa yasiyotoka, na wakati gani aache kuuliza simu akimbie hospitali. Majibu yaliandikwa na daktari na manesi. Sikuona ubaya wowote ndani yake, na hata leo sisemi kwamba kulikuwa na ubaya katika majibu. Wakanifanya mtu wao wa mtaani, wa kuwatafutia wazazi wapya wa kujaribu. Kazi nyepesi. Mji huu haujawahi kuishiwa wazazi wapya.

Jaribio la kwanza tulilifanya mtaa wa Naviundu, uani kwa mama mmoja aliyezaa mapacha. Aliuliza kwa nini mmoja ananyonya na mwenzake analala tu. Simu ikamjibu kwa Kiswahili cha pwani, kilichonyooka, kila neno limevaa tai. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Huyu mama iko nasoma habari ya redio?"

"Ni roboti."

"Basi akasomee bakubwa ba serkali. Mi niliuliza juu ya mutoto."

Majirani wakacheka mpaka mtoto aliyekuwa amelala akaamka kunyonya, kwa hiyo naweza kusema programu ilimsaidia. Lakini njiani mkuu hakucheka. Alisema wanahitaji sauti ya hapa, ya mama mtu mzima, sauti ambayo mzazi akiisikia anatulia.

Sauti ya namna hiyo nilikuwa naijua moja, na ilikuwa imenigombeza tangu nikiwa mdogo. Dada yangu mkubwa, ambaye kwetu huitwa yaya, ni mzaliwa wa kwanza wa baba yetu, mtu wa reli aliyeshuka kutoka kaskazini akabaki. Kila mtoto aliyezaliwa kwenye avenue yetu, yaani barabara yetu ya mtaani, yaya ndiye aliyeitwa kumwogesha siku za kwanza. Si mkunga na hakujidai mkunga. Alipenda kuitwa, basi. Na mwaka ule binti yake wa pekee alikuwa na mimba ya kwanza, na yaya alikuwa anaisubiri ile mimba kuliko mwenye tumbo.

Nilimpelekea watu wa mradi nyumbani, Jumamosi, baada ya kuwaonya wasije mikono mitupu. Walikuja na keki. Nikawarudisha dukani walete kinywaji.

"Sauti yangu mutaifanya nini?" yaya aliuliza.

"Mama, utasema tu majibu ya dokta. Na Swahili yako, vile unasemaka hapa nyumbani," msichana wa kompyuta alimjibu.

"Yote?"

"Yote, mama."

"Hata ya banaume?"

Mkuu akaeleza kwamba kuna sehemu ya akina baba pia: namna ya kumsaidia mke, damu itamtoka mpaka lini, na ni lini wawili hao wanaweza kulala pamoja tena kama watu wazima. Yaya akashusha macho kwenye kikwembe chake, kitenge alichojifunga, akakivuta juu ya magoti ingawa hakikuwa kimeteremka.

"Ile mutafutie mwanaume."

"Juu ya nini, mama?"

"Niko na mukwe."

Msichana alielewa, nilimwona. Mkuu ilibidi nimweleze mimi, maana alikuwa amesoma mbali sana. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume wanaishi kwa haya. Bukwe, ndivyo tunavyosema. Hawali sahani moja. Hawatazamani usoni. Yule kijana akipita, yaya anajifunika bega. Yaya akiwa barazani, kijana anazunguka nyuma ya nyumba hata kama mvua inanyesha. Wanasalimiana kwa kupitia mtu wa tatu, na kama hakuna mtu wa tatu wanasalimiana wakitazama ukuta. Si chuki. Ni heshima kubwa kuliko zote tulizonazo, na inamgharimu kila mmoja sawasawa, ndiyo maana inadumu. Mama mkwe akimtamkia mkwe wake neno la kitandani, ni kama amevua nguo mbele yake.

"Haina shida, mama," mkuu akasema. "Tutatafuta papa mmoja atasema ile."

"Sema tena," nikamwambia.

Akasema tena. Nikagawa vinywaji. Yaya akanywa, mkuu akanywa, msichana akanywa, mimi nikanywa, na jirani wawili niliowaita makusudi wakanywa. Kwetu neno likinywewa mbele ya mashahidi, limefungwa. Baadaye niligundua kwamba mkuu alidhani tulikuwa tunapoza kiu.

Walirekodi kwenye chumba kilichoegeshwa magodoro ukutani ili kelele za barabara zisiingie. Msichana anasoma jibu kwa Kifaransa, yaya anawaza kidogo, kisha analisema kwa Kiswahili chetu kama anamwambia jirani juu ya ukuta. Likitoka vizuri wanaendelea. Mvua ikipiga mabati wanasimama. Halafu wakaanza kumtaka aseme mambo yasiyo na kichwa: sentensi kuhusu baiskeli, kuhusu mahindi, majina ya miezi, acheke, aulize, ashangae, akasirike kidogo.

"Mahindi inaingilia wapi na mutoto?" nikauliza.

"Ni kwa kufundisha mashine, papa," msichana alisema.

"Kufundisha nini?"

"Sauti ya mama."

Nikadai bei ya juu kwa sentensi zisizo na maana, kwa hoja kwamba kusema upuuzi kunamchosha mtu mzima kuliko kusema akili. Walikubali haraka mno. Mtu akikubali bei haraka, kuna kitu amekiona ambacho wewe hujakiona, na mimi najua hivyo kuliko mtu yeyote pale sokoni. Niligeuza lile jambo kichwani mara mbili, sikuona walichokiona wao.

Mjukuu akazaliwa, wa kiume, mzito, mwenye hasira. Mkwe wetu alikodi nyumba Naviundu, na kila asubuhi akishatoka kwenda kazini kwenye malori, yaya alikuwa anaingia. Alimwogesha mtoto, akamkanda, akamnyoosha mikono, na wakati wote anamsemesha: anamweleza ametoka kwa nani, baba wa bibi yake alikuwa nani, kwa nini maji ya leo ni ya moto kuliko ya jana. Mpwa wangu alikuwa ananiambia, "Mujomba, mama anamusemesha mutoto mpaka miye nasinzia." Nikampakia ile programu kwenye simu yake. Na kwenye simu ya mume wake pia, maana alikuwa mtu mwema, alitaka kujua mambo. Sauti ya yaya ikawa inajibu mitaa mizima. Wanawake walikuwa wanamsimamisha njiani: "Mama ya simu, aksanti." Alikuwa anatembea kama mtu aliyepewa cheo.

Jumapili moja, baada ya misa, tulikusanyika pale Naviundu kumwona mtoto. Upande wao walikuja na shangazi wa mkwe wetu, mwanamke mfupi wa maneno makali, ambaye niliwahi kubishana naye siku mbili nzima juu ya mahari ya mpwa wangu. Wanaume tulikaa barazani. Yaya alikuwa jikoni na mtoto, upande wa pili wa pazia, ndivyo inavyotakiwa. Mdogo wa mkwe wetu akamtania kaka yake: "Ile simu yako inafundishaka baba, tuisikie basi." Mkwe akaifungua, akabonyeza sehemu ya baba, ambayo alikuwa hajawahi kuifungua, akaweka sauti juu ili wote tusikie.

"Papa, mwanangu," ilisema sauti ya yaya, ile ile, na pumzi yake kabla ya neno la pili. "Sikia muzuri. Bibi yako anatoka kuzaa, mwili yake ingali na kidonda. Usimurukie. Niambie bila haya: mulisharudilia kulala pamoja? Kama anasikia bukali, mufanye polepole…"

Mkwe wetu alihangaika na kidole kutafuta pa kuizimia. Kioo kilikuwa kimepasuka pale pale pa kuzimia. Ile simu nilimuuzia mimi. Ikaendelea. Ikataja vitu ambavyo sitavitaja hapa. Mwishowe akaigeuza kifudifudi juu ya meza, kana kwamba imeshapoteza fahamu, na bado ilikuwa inaongea na mbao. Akainuka, akatoka nje ya ua, hakurudi mpaka tumeondoka.

Hakuna aliyecheka, hata yule mdogo wake. Pazia la jikoni halikutikisika. Niliingia nikamkuta yaya amesimama na mtoto kifuani, kitambaa amekivuta mpaka machoni.

"Sikusema ile," aliniambia.

"Najua."

"Mudogo yangu, nakuapia. Ile sikusema."

Nilijua kwa sababu nilikaa kwenye kile chumba cha magodoro kila siku aliyokaa. Lakini ningewaambia nini watu wa barazani? Ilikuwa sauti yake. Ilimwita mkwe wake mwanangu kwa namna anayoita watu wote wanangu. Shangazi alipotoka alinipita mlangoni.

"Kwetu mukwe hasemaka na mukwe wake mambo ya kitanda."

"Shangazi, ni mashine."

"Basi ni mbaya zaidi. Muntu akisema, maneno inaisha. Simu inarudilia."

Jumatatu nilikuwa ofisini kwa mradi kabla hawajafungua. Msichana wa kompyuta ndiye aliyenieleza, kwa sauti ya chini, bila kunitazama. Mashine ikishajifunza sauti, haihitaji mwenye sauti. Unaandika maneno, inayasema. Mahindi, baiskeli, kucheka na kukasirika, yote yalikuwa ya hiyo kazi. Alisema yeye aliwakumbusha kuhusu papa wa kusema sehemu ya akina baba. Nilimwamini, ingawa kuamini hakukunisaidia kitu.

Mkuu alikuja akiwa na furaha.

"Papa, unajua banaume banasikiliza mingi kuliko tulivyofikiri? Banaamini sauti ya mama. Bafadhili bamefurahi sana."

"Tulikunywa," nikamwambia.

"Pardon?"

"Ulisema mutatafuta mwanaume. Tulikunywa juu ya ile neno."

Alieleza kwamba sauti ya pili ingeongeza muda, kwamba bajeti ilikuwa imefungwa, kwamba yaya alitia sahihi karatasi ya kutoa sauti, na sauti ni sauti. Nikaanza kupatana. Nilidai ile sehemu waiondoe leo. Akasema baada ya kuwaonyesha wafadhili. Nikadai waizime kwa simu moja tu, ya mkwe wetu. Akasema haiwezekani kwa simu moja. Nikashuka tena: basi aje yeye mwenyewe Naviundu, na kuku na kikwembe kipya vya kuombea radhi, aketi mbele ya yule shangazi aseme, ile mdomo ilikuwa yangu, haikuwa ya mama. Kuku mmoja. Sijawahi kushuka chini hivyo kwa mtu yeyote.

"Kuku nitaiandika wapi, papa? Kwenye bajeti haina fasi."

"Andika ni ya kufundisha mashine."

Msichana alicheka, akajizuia. Mkuu akafikiri, uso ukamng'aa. Alisema atafanya kubwa kuliko kuku: mradi utaomba radhi rasmi, kwa kila mtu.

Na waliomba. Wiki ile ile, simu ya kila baba katika ile programu ikalia, na ndani yake yaya akaomba radhi. Sauti ya yaya. Ilisema: "Bapapa, banangu, kama nilisema mambo ya ndani yenye ilikuletea haya, unisamehe. Nilikuwa nataka tu bibi yako na weye mulale muzuri." Hawakuona kosa. Walikuwa na sauti moja iliyofundishwa, wakaitumia.

Mkwe wetu aliipokea kwenye gereji ya malori, wakipakia kwenda Kambove, wenzake wamemzunguka. Nilisimuliwa na mmoja wao, mteja wangu. Walimwambia, "Kumbe mama mukwe anakupendaka vile, anakupigia mpaka ku kazi." Wakamwita jina jipya ambalo nalo sitalitaja, na kwa nijuavyo mimi bado anaitwa hivyo. Siku hiyo alirudi nyumbani akamwambia mke wake neno moja: mama yake asikanyage tena pale. Hakupiga kelele, ndiyo maana tulijua neno lile halitarudi nyuma.

Yaya akakaa kwake. Asubuhi anaamka, anavaa, anakaa kitandani amevaa. Kwenye avenue yetu akazaliwa mtoto, nyumba ya nne kutoka kwake, na waliitwa wengine. Hakuna aliyesema sababu. Wanawake waliokuwa wanamwita mama ya simu waliendelea kumwita hivyo, lakini sasa walisema wakiwa wamempita. Nilikwenda kwa mkuu mara ya pili kudai ile sauti ife. Akaniambia imeshaondolewa kwenye toleo jipya. Ilikuwa kweli. Ila toleo jipya linahitaji nafasi kwenye simu, na simu za wazazi wa Naviundu hazina nafasi. Za kujaribia walizitafuta wenyewe, mbaya, ili zifanane nazo.

Mimi ni mjomba. Mahari nilipatana mimi, na jambo likiharibika ni mimi ninayerudi. Nikaenda na yaya kwa shangazi. Tulikaa asubuhi nzima. Nilimwambia yaya ameibiwa mdomo. Tangu lini aliyeibiwa ndiye anayelipa?

"Muntu akiiba imbwa yako," alisema shangazi, "ile imbwa ikaniuma, miye nitaenda kwa nani? Mwizi simujui. Imbwa naijua."

"Mwizi namujua miye."

"Basi umulete."

Alijua siwezi. Mkuu alikuwa ameshasafiri kuonyesha programu mahali pengine, na msichana alikuwa ametafuta kazi kwingine. Tukarudi kwenye kuku. Nilimshusha kutoka vikwembe viwili hadi kimoja, ushindi wangu wa pekee katika habari hii yote, na ulilipwa na yaya. Akamlipia mkwe wake haya ambayo hakumtendea. Shangazi akapokea, akamgusa kuku mgongoni, akaweka sharti. Yaya anaweza kumwogesha mjukuu wake, mkwe akiwa kazini. Lakini ndani ya ile nyumba asiseme.

"Asiseme nini?" niliuliza.

"Asiseme. Tukisikia ile sauti ndani, tutajuaje kama ni yeye ao ni ile ingine? Majirani batajuaje? Akae kimya, hapo tutajua ni muntu."

Nilipinga. Nilipinga kwa kila njia ninayoijua, na ninazijua nyingi. Yaya, aliyekuwa amekaa mlangoni, akanishika mkono.

"Acha. Nimekubali."

Nilimsindikiza siku ya kwanza. Mkwe alishatoka. Yaya alipima maji kwa kiwiko, akamvua mtoto, akamwingiza. Mtoto alikuwa amekua; alimtazama mdomoni, akangoja. Yaya akamwosha kichwa, shingo, mikunjo ya mapaja. Mtoto akapiga maji kwa miguu, akamtazama tena mdomoni, kisha uso ukaanza kukunjamana.

"Mama, sema basi," mpwa wangu alimwambia. "Hakuna muntu hapa."

Yaya akatikisa kichwa, akanyoosha mkono apewe taulo. Mtoto akalia mpaka akavishwa. Yaya akampa mama yake, akachukua kiatu chake kimoja, kingine, akatoka kwa mlango wa jikoni.

Tulitembea bila neno mpaka ng'ambo ya daraja. Hapo akaanza kusema. Hakuwa anasema na mimi. Alikuwa anamwambia mtoto ametoka kwa nani, na baba wa bibi yake alikuwa nani kwenye reli, na maji ya leo yalikuwa ya moto kwa sababu gani, na alie tu, si mbaya, kesho atarudi. Watu wakageuka kututazama. Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza maandazi akaitambua sauti, akatafuta simu iko wapi. Nikasogea upande wa barabara ili yaya apite katikati, na sikumwambia anyamaze, mpaka Hewa Bora.